Umaskini wa Batman tumeujadili vya kutosha, sasa tumwangalie mama yake

Tangu Absolute Batman, kitabu kipya cha katuni, ianze kutoka Oktoba 2024, wapenzi wa katuni tumekuwa na wimbo mmoja: Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe akivua kinyago, hana hela. Hana jumba, hana kampuni, hana mzee wa kumpikia na kumfunga majeraha akirudi alfajiri. Ni mhandisi wa jiji, kijana wa miaka 24 aliyekulia Crime Alley, mtaa uleule ambao katika hadithi za zamani wazazi wake walipita tu wakitoka kutazama sinema, wakauawa. Scott Snyder anaandika, Nick Dragotta anachora, na wachapishaji wao, DC, wameiweka katika msururu mpya unaowavua mashujaa wao wakubwa kila kitu walichozoea kuegemea.

Sina ugomvi na hilo la hela. Linanoga, tena limechelewa. Kwa miaka mingi msomaji mwenye akili zake amekuwa akijiuliza kwa nini bilionea atoke usiku kwenda kumvunja taya kibaka mwenye njaa, wakati angeweza kujenga shule tatu na zikabaki chenji. Snyder amelifuta swali hilo kwa mkupuo mmoja. Na Dragotta amelifanyia kazi kwa kalamu: Batman wake ni pande la mtu, haingii mlangoni bila kuinama, gari lake ni lori la kubebea kifusi lililogeuzwa mtambo wa vita, na nembo ya popo iliyo kifuani inachomoka ikawa shoka. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mtu wa saiti angebuni.

Lakini mimi naona tumeshangaa upande usio wenyewe. Badiliko zito kuliko yote katika kitabu hiki ni kwamba Martha Wayne yu hai.

Ili uone uzito wake, rudi mwanzo. Batman alitokea mara ya kwanza katika Detective Comics namba 27, mwaka 1939, bila maelezo yoyote ya katokea wapi. Maelezo yalikuja katika namba 33, Novemba mwaka huohuo, na yalichukua kurasa mbili tu. Jambazi anatoka gizani, anautaka mkufu wa mama, baba anajaribu kumkinga, risasi zinalia, mtoto anabaki na maiti mbili. Kisha kiapo kwa mwanga wa mshumaa, miaka ya mazoezi, na popo anayeingia dirishani wakati kijana anawaza avae nini ili wahalifu wamwogope. Hapo tayari. Bill Finger na Bob Kane hawakuwa na nafasi ya zaidi. (Finger, kwa taarifa yako, alifariki mwaka 1974, na jina lake halikuandikwa rasmi pembeni ya la Kane hadi 2015. Dhuluma hiyo inadai makala yake yenyewe.)

Zile kurasa mbili zimechorwa upya mara nyingi kiasi kwamba hata asiyewahi kushika kitabu cha katuni anazijua. Mwaka 1986 Frank Miller, katika The Dark Knight Returns, alitupa ile picha ya mkufu unaokatika na lulu zikianguka moja moja, na tangu hapo kila mwigaji amezimwaga lulu hizo hadi zimechosha. Mwaka uliofuata Miller huyohuyo, akishirikiana na mchoraji David Mazzucchelli, alitoa Year One katika matoleo manne ya Batman, namba 404 hadi 407. Bado naihesabu kuwa bora kuliko zote. Mazzucchelli anachora Gotham, mji wa Batman, yenye jasho na masizi, na nusu nzima ya hadithi ni ya Jim Gordon, polisi mgeni mjini, ana mke mjamzito na wakubwa wala rushwa. Bruce anatoka kwa mara ya kwanza akiwa hajajipanga, anapigwa, anachomwa kisu, anarudi nyumbani akivuja damu. Anakaa mbele ya sanamu ya baba yake na kumwuliza afanye nini. Popo anavunja kioo. Jibu limepatikana.

Anamwuliza baba. Mama hana sanamu. Ukizisoma hadithi hizi kwa mfululizo utamjua vizuri Thomas Wayne: daktari, mtu wa heshima, mtu wa maadili, mwanawe anamnukuu. Martha kwa miaka zaidi ya 80 amekuwa shingo ya kuvalishia lulu.

Snyder mwenyewe alikuwa mmoja wa waliomwacha hivyo. Mwaka 2013 aliandika Zero Year na mchoraji Greg Capullo, masimulizi marefu na yenye rangi za kuchangamsha kuhusu mwanzo wa Batman, na ndani yake aligusa mengi isipokuwa ule uchochoro walimouawa wazazi. Wazazi walikufa palepale walipokufa siku zote. Safari hii amethubutu. Thomas si daktari tena, ni mwalimu. Anauawa kwenye bustani ya wanyama, mbele ya wanafunzi aliowapeleka matembezini, na mtu aliyekuja na bunduki. Bruce yupo pale. Mama yake hakufa.

Fikiria maana yake. Bruce wa zamani alirithi nyumba, fedha na majonzi, vyote vikiwa vyake peke yake. Hakuna aliyebaki wa kumwambia kwamba marehemu asingependa haya. Alfred, yule mzee mtumishi wa nyumba, atamshauri, ndiyo, lakini Alfred ni mwajiriwa, na ushauri wa mtu unayemlipa mshahara una mipaka yake. Huyu mpya hawezi kujimilikisha msiba namna hiyo. Aliyeuawa alikuwa baba yake, lakini alikuwa pia mume wa mtu, na huyo mtu anaishi mji huohuo. Kwetu hilo halihitaji ufafanuzi: msiba una wenyewe, na mjane ndiye wa kwanza kupewa mkono. Mtoto hata awe na uchungu kiasi gani, hawezi kuanua matanga kabla ya mama yake wala kuyaendeleza miaka ishirini baada ya yeye kuinuka mkekani. Batman anayetoka kila usiku kwa jina la Thomas Wayne, huku mke wa Thomas Wayne akiwa ameamua kuendelea na maisha, ana swali ambalo hakuna adui wa kuvaa kinyago anayeweza kumwuliza.

Anayekumbuka Utenzi wa Fumo Liyongo anajua nguvu ya mama katika hadithi ya shujaa. Liyongo angeozea gerezani kama si mama yake aliyeficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, mkate duni ambao walinzi wasingeutamani. Mama pale ana akili, ana mpango, ana kazi ya kufanya, na misuli yote ya mwanawe inasubiri mkate ufike. Ndicho ninachokikosa kwa hawa mashujaa wa Marekani ambao ni lazima wawe yatima ndipo wapate ruhusa ya kuvaa nguo za kubana.

Na wanaowarudisha wafu mara nyingi wamefanikiwa. John Byrne alipoianza upya hadithi ya Superman mwaka 1986 katika The Man of Steel, aliwaacha walezi wake, Jonathan na Martha Kent, hai hadi ukubwani mwa mtoto wao, ilhali masimulizi ya zamani yalikuwa yakiwazika kabla hajawa Superman. Watu waliona ni jambo dogo. Matokeo yake Superman alipata mahali pa kwenda akichoka, mtu wa kumtania, jikoni pa kukaa. Jonathan Hickman na Marco Checchetto, katika Ultimate Spider-Man iliyoanza Januari 2024, wamefanya ujasiri zaidi: Peter Parker, ndiye Spider-Man, ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili ndipo anapata nguvu zake, na mjomba Ben, yule ambaye kifo chake ndicho kilichokuwa hadithi yenyewe, yupo. Aliyekufa ni shangazi May. Kurasa ninazozipenda mle ni zile za watu wazima wanaozungumza mezani, na sioni haya kusema hivyo kuhusu kitabu cha mtu anayerukaruka kwenye maghorofa.

Absolute Superman ya Jason Aaron na Rafa Sandoval, ya msururu uleule wa Absolute Batman, imeenda kinyume. Mle Kal-El, ndilo jina la Superman la kuzaliwa, hakulelewa na akina Kent tangu uchanga. Alikulia Krypton, sayari yake ya asili, yenye matabaka, kwa wazazi wa tabaka la vibarua, akafika duniani akiwa na umri wa kukumbuka kwao. Kurasa za Krypton ni nzuri, zina hasira ya kweli ya wafanyakazi. Za duniani zinanipwaya, kwa sababu jamaa hana nyumbani.

Sasa nisimpambe Snyder mno. Kwamba Waylon Jones, Oswald Cobblepot, Harvey Dent, Edward Nygma na Selina Kyle, ambao katika hadithi za zamani ni mahasimu wa Batman, wote walikuwa marafiki wa Bruce tangu utotoni ni utamu uliozidi sukari. Mtaa gani huo uliotoa majina yote makubwa kwa mkupuo? Na kumfanya Joker, adui yake mkubwa, ndiye tajiri, ili tu awe kinyume cha Bruce, ni hesabu inayoonekana ikipigwa mbele yetu. Halafu hela za kulijenga lile lori zinatoka wapi? Mshahara wa mhandisi wa jiji hauwezi hata kulinunulia matairi. Mapigano nayo yanakula kurasa kwa fujo, shoka huku, damu kule, wakati mimi namsubiri Martha.

Ninachokihofia ni mazoea ya hii biashara. Mwandishi akiishiwa, mauzo yakilegea, mtu wa kwanza kutazamwa huwa ni mwanamke aliye karibu na shujaa. Anauawa, jalada linachorwa, shujaa analia mvuani, na toleo linaisha madukani. Wakimfanyia hivyo Martha Wayne, watakuwa wameirudisha hadithi yote palepale uchochoroni kwa njia ndefu, na umaskini wa Bruce utabaki kuwa vazi tu. Mimi hapo nitakuwa nimemalizana nao, hata lori wakilitia mabawa.