Stet: nukta chache chini ya neno

Wiki hii nilirudishiwa prufu ya makala yangu, yaani nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa. Nilipoandika "rafiki yangu", msahihishaji alikuwa amekata "yangu" na kuandika "wangu" pembeni. Namwelewa. Rafiki ni mtu, na ndiyo maana tunasema rafiki amekuja, rafiki mwema. Lakini ukifika kwenye umiliki, Kiswahili kinasema rafiki yangu na marafiki zangu, kama kisemavyo baba yangu na ndugu zangu. Basi nikapiga nukta chini ya neno lililokatwa, nikalifuta la kwake pembeni, nikaandika: stet.

Stet ni Kilatini, kutoka kitenzi stare, kusimama. Wengi huifasiri "acha kama ilivyo", lakini umbo lake hasa linalingana na letu lile la "aende, asome": isimame. Humwambia mpanga chapa kwamba marekebisho yamefutwa na maandishi ya awali yarudi. Waingereza wana pia alama ya vema ndani ya duara kwa kazi hiyohiyo.

Naipenda alama hii kwa sababu haifichi kitu. Karatasini unaliona neno la mwandishi, unauona mkato, unauona na uamuzi wa kulirudisha. Atakayeisoma prufu baadaye atajua jambo hili limeshafikiriwa, hatalikata tena. Kwenye kompyuta, ukikataa badiliko mara nyingi linapotea tu, na msomaji wa pili anaweza kurudia kosa lilelile kwa nia njema kabisa. Mimi siku hizi huacha maoni mafupi pembeni hata huko.

Waandishi wachanga huogopa kuandika stet, wakidhani wanamvunjia heshima mhariri. Sikubaliani nao. Mhariri makini huiandika hata dhidi ya mkono wake mwenyewe, akigundua amekata kwa haraka. Ninachoomba ni sababu iwepo. Kuipenda sentensi yako hakutoshi. Mimi mwenyewe nimewahi kuing'ang'ania sentensi ndefu namna hiyo, na wasomaji wakakwama palepale alipokata mhariri.

Ningependa pia tuiandike kwa lugha yetu. "Ibaki" inatosha, na kwa upatanisho wetu inaeleza zaidi: neno libaki, maneno yabaki. Prufu ya pili imefika leo asubuhi. "Rafiki yangu" ipo mahali pake, na pembeni msahihishaji ameandika kwa penseli: sawa, libaki.