Nilijiuliza, Nikajijibu, Nikajishukuru

Najua mmeshaisikia habari yangu ya darasani. Rafiki yangu aliyekuwa amekaa kushoto kwangu anaisambaza tangu jana mchana, na toleo lake lina uongo wa aina mbili: sikulia, na sikujificha chini ya meza. Niliinama kuokota kalamu. Kalamu ikachelewa kupatikana, basi. Mengine ni kweli, na afadhali myapate kwangu mwenyewe.

Kwa ambao hamsomi na sisi: Dokta wetu wa isimu ametufungulia chumba cha kuchati wakati wa kipindi. Yeye anafundisha mbele, sisi tunaandika kwenye simu, na kila tunachoandika kinatokea ukutani, kwenye skrini ya pili pembeni ya slaidi. Ukilipenda neno la mtu unalipigia kura, linapanda juu. Na kuna kitufe cha kuficha jina, ukikiwasha unaonekana "Asiyejulikana", ili wenye aibu nao waulize. Sina neno baya kuhusu mpango huo. Kuna watu tangu muhula uanze sijawahi kuisikia sauti yao, lakini humo wanatiririka kama bomba lililopasuka. Shida ni sisi ambao aibu hatuna, tuna tamaa ya alama.

Maana anayemjibu mwenzake vizuri anapewa alama za ushiriki. Mimi nilikuwa na sifuri. Nikapiga hesabu: kusubiri mtu aulize kitu ninachokijua, tutafika mahafali. Kwa nini nisiulize mwenyewe bila jina, halafu nijijibu kwa jina?

(Wewe unayetikisa kichwa, ungeliwaza hilo ungelifanya.)

Usiku nikaifungua makala ya Sacks, Schegloff na Jefferson ya mwaka 1974, ile ya namna watu wanavyopokezana zamu za kuongea. Ina kurasa 40. Nilifika kwenye kanuni zenyewe, nikasoma ya kwanza, nikasoma ya pili, usingizi ukanichukua kabla ya ya tatu. Nikumbusheni hiyo ya tatu baadaye. Nikaandika ujumbe wangu wote kwenye simu, tayari kwa kunakili na kubandika: swali, jibu, na shukrani. Ndiyo, shukrani pia. Nilitaka muulizaji wangu aonekane ana adabu.

Asubuhi Dokta akaanza na Yngve, yule aliyezipa jina mwaka 1970 zile sauti za msikilizaji, "mmh", "eeh", ambazo hazichukui zamu ya mtu, zinamwambia tu msemaji kwamba tuko pamoja, endelea. Mimi nikawasha kitufe cha kujificha. Mtandao ukakatika, ukarudi, ukurasa ukajifungua upya. Nikabandika swali, nikatuma. Nikangoja dakika mbili ili nionekane nimefikiri. Nikabonyeza kitufe nijifichue, nikatuma jibu. Nikabonyeza tena nijifiche, nikatuma shukrani.

Kitu ambacho sikukijua: ukurasa ukijifungua upya, kitufe kinarudi mwanzo, jina wazi. Kwa hiyo kuanzia hapo kila nilipojificha nilikuwa nimejianika, na nilipojianika nilikuwa nimejificha. Na kwenye simu yangu ujumbe wangu wote unaandikwa "Wewe", uwe na jina au usiwe nalo. Ukutani sikutazama. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa uso wa unyenyekevu wa kupokea pongezi.

Ukutani kulikuwa hivi. Jina langu, yote matatu, kama kwenye cheti: "Samahani jamani, swali la kizembe. Watu wakiongea wanajuaje sasa ni zamu ya nani?" Chini yake, Asiyejulikana: "Swali zuri sana ndugu yangu, wala usijione mjinga! Msemaji anaweza kumteua anayefuata. Asipomteua, anayewahi kuanza ndiye mwenye zamu. Soma makala ya 1974." Chini yake tena, jina langu, yote matatu: "Asante sana. Mungu akuzidishie hekima."

Jibu likapata kura 31. Dokta akasimamisha slaidi.

"Huyu aliyejibu ni nani? Jibu safi, na lina upole. Ajitaje nimpe alama zake."

Mimi nikageuka ukutani kwa mara ya kwanza. Nikasoma. Nikasoma tena. Kuna ile baridi inayoanzia kwenye masikio. Nikajiambia, tulia, nyamaza, poteza alama, bakia na heshima. Na ningenyamaza, wallahi ningenyamaza. Lakini pembeni yangu, kushoto, nikaona mkono unapanda. Taratibu. Kwa unyenyekevu. Rafiki yangu yuleyule anayewasimulia! Hiyo sehemu amewaambia?

Nikajikuta nimesimama.

"Dokta, anadanganya! Ni mimi!"

Ukumbi ukanyamaza. Dokta akavua miwani, akatazama ukuta, akanitazama mimi, akatazama tena ukuta.

"Wewe si ndiye uliyeuliza?"

"Ndiyo, Dokta."

Ukumbi mzima, kwa pamoja: "Mmmh."

"Na ndiye uliyejibu."

"Ndiyo, Dokta."

"Mmmh."

"Kwa hiyo aliyeambiwa asijione mjinga..."

"Ni mimi, Dokta."

"Na aliyeombewa azidishiwe hekima?"

Hapo sauti ilikataa. Nikaitikia kwa kichwa.

"Mmmmmmh."

"Mnasikia wenyewe," Dokta akawaambia, kwa furaha ya mtu aliyeletewa mfano darasani bila gharama. "Hiyo ndiyo ya Yngve. Hakuna aliyemnyang'anya zamu, mnamsaidia tu aendelee." Halafu akanigeukia. "Kijana, umetaja kanuni mbili. Ya tatu inasemaje?"

Kimya.

"Ya tatu inasema msemaji akinyamaza bila kumteua mtu, na asijitokeze mtu yeyote, yuleyule anaruhusiwa kuendelea peke yake." Akaonyesha ukuta kwa kalamu. "Sijawahi kuona mtu akiitekeleza kwa ukamilifu kiasi hiki."

Watu husema walitamani ardhi ipasuke iwameze. Ukumbi wetu uko ghorofa ya pili. Ardhi ingenimeza ningeangukia darasa la uhasibu, na wale nao walikuwa wanachati. Ndipo ikaanguka ile kalamu.

Alama sikupata. Rafiki yangu naye hakupata, na hilo peke yake limenifanya nilale. Mtu amepiga picha ya ukuta, imeshafika kwa binamu yangu ambaye hata hasomi chuoni. Jina langu jipya ni Zamu.

Leo asubuhi nilikuwa na swali la kweli kabisa, la slaidi ya 6, sikuielewa hata chembe. Nikakagua kitufe mara tatu, nikaliandika kwa jina langu, nikatuma, nikasubiri wenzangu.

Majibu yalikuja 14 kwa dakika moja. Yote neno moja: "Jijibu."