Ile Taa Nyekundu ya Ekstensheni Haikulindi

Pita duka lolote la vifaa vya stima hapa Malindi uulize kinga ya tivii. Utapewa ekstensheni nyeupe yenye swichi ya taa nyekundu na uambiwe, "Hii ina saji protekta, bosi, wewe lala tu," yaani ina kinga ya volti zinazoruka ghafla. Tivii ya inchi 65, amplifaya, spika tano na sabufa, mali ya miaka ya kujibana, vyote vimekabidhiwa taa nyekundu. Taa hiyo inakwambia jambo moja tu: stima ipo. Hata balbu ya choo inakwambia hilo.

Ifungue skrubu uangalie. Nyingi ndani zina vipande vya shaba na hiyo swichi, basi. Zenye kinga ya kweli zina kidonge bapa, aghalabu cha samawati, upana kama kucha ya kidole gumba, chenye miguu miwili ya waya. Hiyo ndiyo varista. Volti zikiruka ghafla, inafunguka na kuzipitisha kando. Kila ikipigwa inachakaa, na ikishakufa taa nyekundu inaendelea kuwaka kama kawaida. Haya, nakubali kwa shingo upande: kwa mishtuko midogo ya friji au pampu ya maji ikizimika, inasaidia.

Lakini kinachoua tivii pwani hii mara nyingi si mruko wa ghafla. Ni nyutro, ule waya unaorudisha stima nguzoni.

Nguzoni kuna fezi tatu, yaani waya zinazoleta stima, na nyutro moja. Fezi kwa nyutro ni volti 240. Fezi kwa fezi ni 415. Nyumba yako na ya jirani huenda ziko fezi tofauti lakini zinashika nyutro ileile. Sasa waya wa nguzoni ni alumini, na mahali unapofungwa na shaba bila klempu yake maalumu, chumvi ya bahari hukila kiungo hicho taratibu. Kinalegea, kinacheza upepo wa kusi ukivuma, mwisho kinaachia. Kikiachia, nyumba zenu mbili zinajikuta zimeungwa moja nyuma ya nyingine kati ya fezi mbili, zikigawana zile 415. Mgawo wenyewe hauna haki: mwenye mzigo mkubwa anapata volti chache, mwenye mzigo mdogo anapata nyingi. Jirani anayepiga pasi anaona taa zake zinafifia. Wewe uliyewasha tivii na balbu mbili unakula 350.

Dalili zake huwezi kuzikosa. Balbu zinang'aa weupe wa ajabu, feni inavuma kama ndege inayotaka kuruka, halafu harufu. Hapo si pa kutoa simu na kurekodi video. Zima meni swichi, ile ya nyumba nzima.

Ndani ya tivii, stima inakutana mapema na kapasita kubwa, kikopo cha kuhifadhi chaji, ya volti 400 au 450. Volti 240 zikigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu zina kilele cha 339, na kapasita inavumilia. Zikiwa 300, kilele ni 424. Zikiwa 350, ni 495, na kofia ya kapasita inavimba mpaka inapasuka. Na varista je? Nyingi zimeandikwa 275, na hicho ndicho kikomo cha kuvumilia mfululizo. Iliundwa imeze pigo la sehemu ndogo mno ya sekunde. Ilishe 350 kwa dakika kadhaa, inapata moto hadi plastiki ya ekstensheni inayeyuka. Kisha watu wanasema ni shoti, wanakwenda kununua nyingine ya aina ileile.

Kwa hiyo unachohitaji kwanza ni kitu cha kukata. Nunua gadi, ile inayopima volti na kuachia zikizidi au zikipungua. Gadi ya ampea 5 ya kuchomeka kwenye soketi inabeba takriban wati 1,200, yatosha tivii na muziki wake, ila usichomeke pasi humo. Bora zaidi ni ile ya kufungwa kwenye ubao wa meni, ampea 40 au 63, yenye kuonyesha namba, kwa sababu inaokoa na friji. Ipange ikate juu ya 260 na chini ya 190.

Baada ya gadi ndipo uweke kinga ya mapigo kwenye ubao huohuo, ile ya daraja la pili (Taipu 2). Chagua iliyoandikwa 320 au 385, usichukue 275, kwa sababu ileile ya nyutro. Waya zake zote kwa jumla zisizidi nusu mita. Fundi akizizungusha kwa urembo, volti zinazopenya kwenda kwenye tivii zinaongezeka.

Na bila ethi, ule waya wa kwenda ardhini, kinga hiyo haina pa kulipeleka pigo. Fimbo ya ethi ya mita 1.2 kwenye mchanga mkavu wa Malindi ni kama kuichomeka kwenye gunia la mchele. Shuka mpaka penye unyevu, au piga fimbo mbili zilizoachana na uziunganishe. Lamu mjini, nyumba zimebanana mpaka punda anapita kwa taabu, kwa hiyo tafuta kona ya ua ambayo maji hayakauki. Na nyie mnaosukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu la ethi ili plagi ya pini mbili iingie, na nyie nawaona.

Stabilaiza, ile ya kusawazisha volti, kwa tivii ya kisasa ni pesa za bure. Soma nyuma ya tivii yenyewe, nyingi zimeandikwa volti 100–240, yaani zinakubali zozote kati ya hizo. Yu-pi-esi, ile yenye betri ya akiba, ina maana kwa projekta ya taa, ili feni ipoze balbu stima ikikatika, lakini zile za bei nafuu zinazotoa stima ya wimbi la ngazi, lenye kupanda na kushuka kwa vidato, hufanya amplifaya iungurume. Radi ikianza, chomoa plagi na chomoa waya wa dishi pia, maana pigo halichagui mlango.

Limebaki suala la gadi kuchelewa kurudisha stima. Stima ikirudi, friji na ea-kondishena za mtaa mzima zinaanza pamoja, na mara nyingi inakatika tena mara mbili tatu kabla haijatulia. Ndiyo maana gadi inasubiri, nyingine hadi dakika tatu. Na hizo dakika tatu ndizo watu wasizoziweza: mpira uko dakika ya 88, mtu anachomoa gadi na kuchomeka tivii moja kwa moja ukutani. Kama ndivyo kwenu, tafuta ya kupangika, uipunguze hadi sekunde 30, na soketi ya pembeni uizibe.