Waijengao wafanya kazi bure

Siku tulipomzika baba, katibu wa kanisa alisoma wasifu wa marehemu. Shule alizipita mbio, barabara akazipita mbio, mpaka akafika mahali alipopataka: "Alituchorea kanisa hili bila kudai hata senti moja." Watu wakaitikia amina. Mama, aliyeketi kando yangu, akanikanyaga mguu. Nilimwelewa.

Baba alikuwa injinia wa barabara. Sisi tuliishi Shinyanga, kazi ikampeleka Rufiji, kwenye zile kilometa 60 za Ndundu hadi Somanga ambazo ziliwatoa jasho wakandarasi kwa miaka. Nyumbani tulimpata mara moja kwa mwezi, ikiwa mvua hazijaharibu njia. Alishuka kwenye basi na mfuko wa korosho na begi la nguo chafu. Ijumaa usiku alikagua madaftari yetu ya hesabu, na kila mara alitaka kujua tumelipataje jibu. Jibu lenyewe aliliangalia baadaye. Jumamosi asubuhi, chai haijapoa, hodi mlangoni. Kamati ya ujenzi.

Sina ugomvi na kanisa. Ndilo lililomlea, ndilo lililomwozesha, na kule kambini kitabu cha nyimbo ndicho kilichokuwa mwenzake wa jioni. Ugomvi wangu ni na hilo neno "bure". Fundi mkuu alilipwa. Mwenye lori la kokoto alilipwa, tena kabla hajashusha. Baba alipewa soda. Na kwa kuwa ushauri wake haukuwa na bei, kuutupa hakukumgharimu mtu chochote.

Kiwanja chenyewe kilikuwa udongo wa mbuga, ule mweusi. Wenyeji wa kwetu wanaujua: mvua zikinyesha unavimba na kunata mpaka viatu vinabaki njiani, kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Ukiuwekea msingi juu juu, ukuta unanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Baba aliwaambia waufukue, wajaze moramu, ule udongo wa changarawe, na kuishindilia tabaka kwa tabaka, kisha msingi ukae hapo na nondo zake. Wakapiga hesabu, wakaona hela ya kufukua inakaribia hela ya bati. Bati zinaonekana, moramu inafukiwa. Unadhani walichagua nini?

Mzee mmoja akamfungulia Zaburi ya 127, kwamba Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure. "Injinia, uwe na imani." Baba akajibu kwamba hata hapo Zaburi imewataja waijengao. Mimi niliyekuwa nachungulia mlangoni nilikuja kugundua ukubwani kwamba Zaburi hiyohiyo, mistari miwili mbele, inahamia kwa watoto na kuwaita urithi. Jumamosi zile hakuna aliyesoma hadi pale.

Jambo moja alishinda. Kwaya ilitaka roshani, na fundi akakubali kuimwaga kwa unene na nondo za nyumba ya kuishi. Kwa hesabu za kawaida za wahandisi, sakafu ya nyumba hukadiriwa mzigo wa watu na vitu wa kama kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Ya ukumbi ambamo watu wanasimama na kucheza ni kama 500. Na kwaya yetu haichezi kwa aibu, inaruka pamoja, kwa pigo moja. Baba akakataa kutia saini. Wakamwita jeuri miezi sita nzima, salamu zikawa za mbali. Roshani haikujengwa, kwaya inaimba chini mpaka leo, na wasifu haukulitaja hilo.

Ijumaa Kuu ya 2013, Machi 29, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Baba alizisikia habari redioni, akaenda ibadani, akarudi, hakula. Desemba 2016, huko Uyo, Nigeria, paa la kanisa ambalo ujenzi wake ulikuwa haujaisha liliwaangukia waumini wakati kiongozi wao akiwekwa wakfu kuwa askofu. Safari hii mzee yule wa Zaburi ndiye aliyekuja kwetu kukaa kimya na baba kibarazani. Nilimheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo nasema: mhandisi wenu mlipeni. Akitaka kuirudisha ile bahasha kama sadaka, aipeleke mwenyewe mbele, watoto wake wakimwona. Andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja. Kipimo cha udongo kifanyike kabla ya harambee ya bati, maana kamati iliyotoa pesa ya kipimo itasoma majibu yake. Na saini ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ibebe uzito, kwa kuwa nyumba ikianguka atakayetafutwa ni yeye, wala si mwenyekiti wa kamati.

Nitajibiwa kwamba kipawa hutolewa bure. Sawa. Lakini Jumamosi zile zilikuwa zetu pia, na sisi hatukuulizwa.

Ukuta ulipasuka mwaka wa pili, upande wa kushoto, kutoka kona ya dirisha kwenda juu. Baba hakusema "niliwaambia". Akahamia benchi la upande huo. Kila alipokuwa nyumbani, baada ya ibada, alichomoa penseli mfukoni, akachora kistari mahali ufa ulipoishia na kuandika tarehe pembeni, kwa mwandiko wake ule wa michoro. Mwaka juzi kamati ilipaka rangi upya, tarehe zote zikafunikwa. Ufa umesharudi juu ya rangi. Jumapili iliyopita nilikaa benchi lile, nikiwa na penseli kwenye mkoba.