Nilivyompita Cheptegei kwa Bodaboda

Programu ya kwanza niliyopakua ili nijifunze kukimbia ilifuata ule mpango wa wiki tisa aliobuni Mmarekani Josh Clark mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa kochi na rimoti. Hauna makuu. Ni mara tatu kwa wiki. Unatembea haraka dakika tano, halafu sekunde 60 unakimbia na 90 unatembea, mpaka dakika 20 ziishe. Kwa anayeanza mpango huu ni mwafaka, maana unakuruhusu kupumua kabla hujaanza kuona nyota mchana. Tabu ni moja tu: amri zinatoka kwenye simu, na wapita njia hawazisikii.

"Shikamoo mama," nilimwamkia muuza vitumbua wa Mwenge nikimpita mbio.

"Marahaba mwanangu. Unafukuzwa na nani?"

Sijajibu, sauti masikioni ikaniamuru nitembee. Nikatembea. Sekunde 90 baadaye nikachomoka tena, peke yangu, hakuna anayenifukuza. Nilipogeuza na kurudi kwa mtindo uleule, mama alikuwa ameshawaita majirani, na mzee mmoja anashauri nipelekwe kwa shehe nikasomewe.

Nikahamia Coco Beach, ambako alfajiri kila mtu anakimbia na hakuna anayemshangaa mwenzake. Wenzangu wa klabu ya jogging ya kazini wakanishauri niongeze programu ya pili, ile inayochora ramani na kuhesabu kilomita, ili nao waone maendeleo yangu.

Sasa hizi za ramani zina vituko vyake. Simu nyingi za Android, skrini ikizimika, huizima programu inayofanya kazi chinichini ili kuokoa chaji. Yangu ilizimwa Toure Drive, ikazinduka nilipowasha skrini mbele kabisa, ikaunganisha pointi mbili kwa mstari mmoja ulionyooka kama rula. Barabara inakunja kufuata ufuo; mstari haukukunja. Kwa mujibu wa ramani, nilikuwa nimekatiza juu ya Bahari ya Hindi, na kwa mwendo mzuri tu.

Dawa yake ipo: ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua orodha ya programu, chagua hiyo ya kukimbia, nenda sehemu ya betri, uondoe kizuizi. Ruhusa ya mahali nayo ikaguliwe hapohapo. Halafu kabla ya kubonyeza "anza", simama nje penye anga wazi usubiri GPS ishike. Ukianzia chini ya bati au kando ya ghorofa refu, mita za mwanzo zitachorwa sebuleni kwa jirani.

Nikaondoa kizuizi. Programu ikawa haifi tena.

Jumamosi iliyofuata mvua ikashuka ghafla. Nikachomoa vipokea sauti, nikatumbukiza simu mfukoni, nikapanda bodaboda hadi nyumbani Mwenge. Programu kimya, inahesabu. Ile huduma ya programu kusitisha hesabu yenyewe huwa inategea mtu asimame; ukiongeza kasi, yenyewe inafurahi. Nyumbani nikabonyeza "maliza" kwa kidole kilicholoa, nikaenda kuoga.

Nilipotoka, kundi la klabu lilikuwa limewaka moto. Programu ilikuwa imejichagulia kilomita tano zangu za kasi zaidi: dakika 9 na sekunde 48. Mwenyekiti wetu, mtu wa takwimu, akawakumbusha wanachama kuwa Mganda Joshua Cheptegei alipoweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco mwaka 2020 alitumia dakika 12 na sekunde 35. Mweka hazina akauliza kama bado nina uraia wa Tanzania. Jina langu likaandikwa kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon, bila mimi kuulizwa.

Hilo lingeisha kwa kucheka. Lakini programu nyingi za aina hii zina sehemu mbili za faragha ambazo anayeanza hazifungui: anayeruhusiwa kuona mazoezi yako, na kuficha mwanzo na mwisho wa njia, walau mita 200 kuzunguka nyumba. Yangu ilikuwa wazi kwa umma, na mstari mwekundu ulikwenda kuishia mlangoni pangu kabisa. Mangi, mwenye duka kule Sinza, ambaye hajaniona tangu nihame na daftari lake la madeni likiwa na jina langu, ana kijana anayekimbia.

Saa nane mchana geti likagongwa.

"Karibu, Mangi. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, kaka. Nimefuata ramani." Akafungua daftari. "Elfu arobaini na sita na mia tano."

"Mwisho wa mwezi, Mangi, bila kukosa."

Akaviangalia viatu vyangu vilivyoanikwa dirishani.

"Leo, kaka. Mtu wa kilomita tano kwa dakika tisa nikikuacha hapa, nitakukamatia wapi?"