Pima graundi kabla ya kuitupa IC

Juzi pale Kondele, Kisumu, nilimkuta mama anayetotolesha vifaranga wa kienyeji akitafuta pesa za sensa nyingine, yaani IC ya kupima joto ndani ya mashine yake ya kutotolesha. Fundi alikuwa amemwambia, "Mama, hii IC imeungua, lete pesa tuweke mpya." Iliyotangulia nayo ilitupwa kwa maneno hayo hayo. Mayai yalikuwa yamepoa ndani ya mashine, lawama zote zikaangukia kidude cha miguu mitatu. Jambo hili linanikera sana. IC za joto tunazotupa huku kwetu nyingi ni nzima, na anayezihukumu hajapima chochote.

IC ya huyo mama ni LM35, nayo hutoa milivolti 10 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Mayai yanataka digrii 37.5 hivi, kwa hiyo mguu wa kati unatakiwa kutoa milivolti 375. Volteji ndogo namna hiyo haivumilii graundi mbovu, yaani njia mbovu ya umeme kurudia. Katika mashine ya huyo mama, sensa na hita ya volti 12 zilikuwa zinarudi kwa waya mmoja mwembamba. Hita ikivuta ampea 1 kupitia waya wenye ukinzani wa omu 0.1 tu, tayari milivolti 100 zimesimama juu ya waya huo, na bodi ya kidhibiti inazisoma kama joto: digrii 10 ambazo hazipo. Ndani kuna digrii 30, hita inawaka, kidhibiti kinasoma 40 na kuizima. Hita ikizimika kinasoma 30, kinaiwasha tena. Rilei, ile swichi ya kuwasha na kuzima hita, inagonga mfululizo huku mayai yakipoa. Joto la kweli halipandi digrii 10 kwa kufumba na kufumbua! Fundi aliyesikia rilei ikigonga vile alikuwa ameshapewa jibu.

Kupima kwenyewe hakuchukui muda. Hita ikiwa imewaka, mita iwe kwenye milivolti, waya mwekundu uguse mguu wa kati, mweusi uguse mguu wa graundi wa sensa yenyewe. Kisha hamisha mweusi peke yake hadi graundi ya bodi. Kwa yule mama, kipimo cha kwanza kilikuwa 302, cha pili 398. IC ilikuwa inasema kweli muda wote. Tuliivutia sensa waya wake wa graundi hadi kwenye bodi, hita ikabaki na wake, na rilei ikatulia.

Walimu wa vyuo vya ufundi, nawaomba: mwanafunzi asiguse programu ya kidhibiti kabla hajaonyesha vipimo hivyo viwili.

Makosa mengine hayahitaji maneno mengi. Kuna sensa nyingine za joto zinazofanana na LM35. TMP36 hutoa milivolti 750 kwenye digrii 25, kwa hiyo programu iliyoandikiwa LM35 itakuambia 75. LM335 huhesabu kwa Kelvini, kipimo ambacho digrii 25 ni karibu 298, ndiyo maana unaona karibu volti 3 chumbani. DS18B20 ina umbo lile lile jeusi lakini graundi yake iko mguu wa kwanza, mahali LM35 inapopokelea umeme. Ukiichomeka mahali pa LM35 itachemka. Waya mrefu unafanya LM35 iyumbe, na datashiti yake (maelezo ya mtengenezaji) imeeleza rezista ya kuweka kwenye mguu wa kati. Soma maandishi kwenye kifua cha IC kabla ya kuuliza lolote.

Haya, feki zipo, siwezi kukataa. LM35 iliyogeuzwa miguu nayo inaweza kufa kabisa. Lakini hata hilo linapimika. Ichomoe, iunganishe na betri ya volti 9 peke yake bila bodi wala hita, kisha pima mguu wa kati. Mchana wa Kisumu wenye digrii 28, ikitoa karibu milivolti 280 basi ni nzima, na aliyeiita feki akuonyeshe alipima wapi kabla hujampa shilingi.