Mama Mkwe Kaja na DVD

Mama mkwe alishuka basi la Songea na kuku wawili, mfuko wa mahindi, na DVD ya sendofu ya shemeji yangu aliyoifunga kwenye khanga kama hirizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii tutaiangalia jioni. Si mwenzio kasema wewe ni mtaalamu wa kompyuta?"

Mimi ni mhasibu. Lakini sifa ukishapewa ukweni huirudishi.

Jioni nikabonyeza kitufe cha draivu, pale pa kuingizia DVD, kwenye laptopu. Kimya. Nikabonyeza kwa dole gumba. Kitaa hakikuwaka. Nikatazama kwenye Windows: C ipo, D ipo, DVD haipo. Hata ile alama ya njano inayokwambia kifaa kinaumwa haikuwepo. Mwenye akili zake angejiuliza maswali hapohapo, ila mwenye akili zake hana mama mkwe aliyesimama nyuma ya kiti.

Nikaingia intaneti. Kumbe ni ugonjwa wa siku nyingi: programu za kuchoma CD huacha vitu viwili kwenye rejistri, lile daftari la mipangilio ya Windows: UpperFilters na LowerFilters, na vikivurugika Windows huikana draivu kama Petro. Dawa ni kuvifuta. Ila kuvifikia unapita kwenye namba inayoanza na 4D36E965 na kuendelea mpaka herufi na tarakimu 32. Namba yangu ya NIDA, yenye tarakimu 20, nikaiona ya chekechea. Nikakuta kimoja, nikakifuta, nikazima na kuwasha.

"Tayari baba?"

"Bado kidogo mama."

Nikahamia tiba za asili. Mbele ya draivu kuna kitundu. Ukichomeka klipu ya karatasi iliyonyooshwa, trei hutoka hata kama umeme hakuna. Nikachomeka. Klipu ikazama, haikugusa chochote. Nikaizungusha mle ndani kama mtu anayetafuta nyama kwenye mchuzi wa hotelini.

Sebuleni watoto wakaanza kuuliza wanakula saa ngapi. Nikachukua bisibisi. Nilifungua skrubu 14, zikiwemo za feni, ambayo haikuwa na kosa lolote. Ya kumi na tano ndiyo iliyoshika draivu, peke yake. Nikavuta, ikatoka. Mbele, uso wa DVD: kitufe, kitaa, kitundu. Nyuma ya huo uso, diski ngumu ya GB 500.

Nikampigia fundi wangu wa Kariakoo. "Fundi, umeniibia DVD!"

Akacheka mpaka akakohoa. "Bosi, si ulilia nafasi imejaa? Nikakwambia naweka diski ngumu ya pili mahali pa DVD, ukaniambia siku hizi nani anaangalia DVD. Hiyo D ulidhani inakaa wapi? Ule uso niliuhamisha tu, mashine isibaki na pengo. Draivu yako nilikupa mkononi, kwenye gazeti."

Gazeti. Nikalikumbuka. Mwaka wa pili huu liko chini ya mguu wa kabati la vyombo, kulizuia lisiyumbe. Mwenyewe nilipoliweka nilijisifu kwamba lina unene uleule uliotakiwa.

Nikainua kabati kwa bega, sahani zikalia, nikalivuta. Draivu ilikuwa imebonyea katikati, alama ya mguu wa kabati imekaa vizuri kabisa, ya mraba. Nikafunga laptopu. Zikabaki skrubu tatu, nikazitia mfukoni kabla hazijaonwa na mtu.

Nikatoka sebuleni na hotuba yangu ya kuomba radhi. Hakuna mtu. Mke hayupo, watoto hawapo, hata khanga haipo kwenye kochi. Saa nne usiku ndipo waliporudi, wanacheka, mama mkwe akiongoza msafara.

"Tulikuwa kwa jirani, baba. Ana deki. Tumeiangalia mara mbili." Akaitazama bisibisi mkononi mwangu. "Wewe endelea tu na utaalamu wako, tusikukatishe."